Makopo Mawili Ndani ya Twiga

Ni mimi niliyetia mafuta ya kupikia kwenye mashine. Makopo mawili ya lita nne, mchana kweupe, kwa mikono hii hii iliyowahi kushika chaki na kufundisha falsafa. Niliulizwa mara tatu, na mara tatu nilisema sijui kitu. Mara ya pili nilikana kwa maandishi, aya nne zilizopangika vizuri sana, kwa sababu mtu aliyesoma chuo kikuu akidanganya hudanganya kwa utangulizi na hitimisho. Petro naye alikana mara tatu, lakini alitoka nje akalia kwa uchungu. Mimi nilikwenda kula maharage.

Ninyi mnaobaki ghalani mliniomba niwaachie maandishi kuhusu foklifti yetu ya zamani na magonjwa yake. Deborah, ambaye sasa anavaa glavu zangu, alisema anataka mambo ya kazi tu: nini cha kufanya mashine inapokataa kuinua mzigo. Nitayaandika. Lakini nilichokijua kuhusu mashine hiyo nilikipata kwa Mzee Tumwine, na habari za Mzee Tumwine haziwezi kuandikwa bila yale makopo mawili. Mtanivumilia.

Nilitoka Uvira, Kongo, mwaka 1996 nikiwa na shahada, mtoto mmoja mgongoni, na kamusi nene ya Kifaransa ambayo hadi leo sijui kwa nini niliibeba badala ya sufuria. Nilifika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, baada ya kuzunguka sana. Nikapewa kiwanja, jembe na mbegu, nikalima maharage kwa mwaka mzima. Jirani yangu, mkulima wa kweli kutoka milima ya Fizi, alikuwa akija jioni kuyatazama na kutikisa kichwa kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa. Mwaka 1999 nilisikia ghala la chakula linatafuta karani wa kuhesabu magunia. Nilikimbia. Maharage nayo nadhani yalishukuru.

Siku ya kwanza nilipewa ubao, karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili nisiondoke nayo. Ghala lilikuwa jengo refu la mabati lenye sakafu ya saruji, kandokando ya barabara iendayo Kabazana, mahali wanapopokelewa wageni wapya kabla ya kugawiwa viwanja. Wapagazi walibeba magunia ya mahindi kichwani kutoka kwenye lori hadi ndani, na mimi nilisimama mlangoni nikichora vijiti. Msimamizi wa wapagazi alikuwa Papa Byamungu, mtu wa kwetu, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alinitazama tangu viatu hadi miwani.

"Mama Neema, banasema ulisoma mpaka ku université," alisema. "Sasa juu ya nini unahesabu magunia?"

"Kwa sababu magunia yapo, Papa. Wanafunzi hawapo."

"Vrai, ni kweli," alisema, akaendelea na kazi. Tulikuwa marafiki tangu siku ile.

Foklifti ililetwa mwaka 2001 kutoka Mbarara, juu ya lori, imefungwa kwa kamba kama fahali anayekwenda kuchinjwa. Ilikuwa ya dizeli, ya manjano, na ilishafanya kazi kwa watu wengine muda mrefu kabla ya kuja kwetu. Mbele ilikuwa na uma mbili za chuma na ule mlingoti unaopanda na kushuka na mzigo. Wapagazi waliiita Twiga siku ileile, na mlingoti wakauita shingo. Majina hayo yakabaki, hata kwenye daftari la matengenezo. Mkikuta pale mimi au Mzee Tumwine tumeandika "shingo inakwama", msidhani tulikuwa tunatibu mifugo.

Pamoja na Twiga alikuja fundi wake. Mzee Tumwine alikuwa mtu wa Masha, mrefu, mkavu, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Alijifunza ufundi kwenye karakana za jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko: kifupi, cha amri, bila mapambo, "na" moja ikitumika kwa mimi, wewe na mashine. Alivuta ugoro kwa miaka mingi hivi kwamba pua yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ya kushikia miwani tu. Alisimama mbele yetu sote akauliza nani anajua kusoma.

Hakuna mpagazi aliyeinua mkono. Wote waliogopa kwamba atakayejifunza kuendesha kitu kile ndiye atakayewanyang'anya wenzake mkate. Mimi niliinua mkono, si kwa ujasiri, ila nilikuwa nimechoka kuchora vijiti.

"Wewe nyabo umesoma nini?"

"Falsafa, Mzee."

"Hiyo ni mashine gani?"

Wapagazi walicheka mpaka Papa Byamungu akakaa chini. Tangu hapo Mzee Tumwine aliniita Profesa, na hakuniita vingine tena.

Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kuwasha injini. Alinifanya niishike mashine ikiwa imezimwa: bomba hili, kiungo hiki, cheni hii. Kisha akachora sakafuni kwa chaki. Pampu huvuta oili kutoka kwenye tangi, huisukuma kupitia vali hadi kwenye silinda za shingo. Oili ikiingia shingo hupanda, ikirudi hushuka. Basi. Nilimwambia nilitegemea jambo gumu zaidi. Alinitazama kwa huruma.

"Ngumu nakuja," alisema. "Siku moja hii napanda, siku ingine hapana panda, na oili iko, na pampu iko. Hapo ndio utajua umesoma ama hapana soma."

Sasa sikilizeni utaratibu wake, maana ndio huohuo niliowafundisha nanyi, ila mimi niliufanya uonekane wangu. Shingo ikikataa kupanda, usikimbilie spana. Kwanza tazama kijiti cha kupimia cha tangi: oili ikipungua, shingo hufika nusu ya safari na kusimama, kama mtu aliyesahau alichokwenda kuchukua chumbani. Pili, pitisha kipande cha boksi chini ya viungo vya mabomba, kisha ukitazame. Usipitishe kidole kamwe. Oili yenye nguvu hupenya ngozi, na Mzee Tumwine alikuwa na kidole cha kushoto kisichokunjika cha kuthibitisha hilo. Tatu, sikiliza. Pampu inayolia kama mbu inavuta hewa mahali fulani, na mara nyingi ni kibano cha bomba la kuvutia kilicholegea. Nne ni vali ya kupunguzia nguvu, ambayo ikikwama wazi oili yote hurudi tangini bila kufanya kazi, kama wakubwa wengine niliowafahamu. Pampu yenyewe ni ya mwisho kabisa. "Mtu nakimbilia pampu," alisema, "ni mtu hapana taka kufikiri."

Kuna na kipimo chake cha chai. Shingo ikiwa inashuka yenyewe polepole na mzigo, unainua gunia hadi urefu fulani, unachora mstari wa chaki kwenye chuma, unazima injini, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unatazama imeshuka kiasi gani. Ikiwa imeshuka upana wa kidole, mipira ya silinda imeanza kuzeeka. Ikiwa imeshuka kiganja, agiza mipira leo. Nilikipenda kipimo hiki kuliko vyote kwa sababu ya chai.

Miaka ile ya mwanzo tulitibu mengi. Kuna wakati shingo ilikuwa ikipanda kwa kutetemeka. Nilishafungua nusu ya vali Mzee Tumwine aliponiuliza kama nimeangalia reli. Kumbe vumbi la unga wa mahindi lilikuwa limechanganyika na grisi, likawa ugali mgumu mweusi ndani ya reli. Tuliukwangua kwa kijiko. Kuna wakati uma moja ilikaa chini kuliko nyenzake, na mimi nikaandika ukurasa mzima kuhusu silinda. Cheni moja ilikuwa imerefuka, basi. Mzee alisoma ukurasa wangu wote, akaukunja, akapangusia mikono.

Na alikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze hapa, maana ndiyo iliyomponza. Mzee Tumwine hakumwaga oili. Oili ya haidroliki ilitoka Mbarara kwa barua na kwa kusubiri, na yeye alikulia kwenye nyumba ambayo hata maji ya kuoshea vibuyu vya maziwa yalikuwa na kazi ya pili. Akifungua tangi, alikinga oili yote kwenye ndoo safi, akaichuja kupitia vitambaa vitatu vya pamba, akairudisha. Pipa la akiba lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake.

Mwaka 2008 watu walifurika Kabazana. Walikuja kutoka kwetu kila siku, wamekaa hadi chini ya miti ya nje, na malori ya chakula yalifuatana barabarani. Katikati ya msongamano huo Mzee Tumwine alifiwa na kaka yake, akaenda Masha kuzika. Ufunguo ukaenda naye. Hakuwa na simu bado.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, na malori matatu yamesimama nje, Twiga akafika nusu ya safari na kusimama. Nilifuata utaratibu. Kijiti kilionyesha oili imepungua sana. Kipande cha boksi kilionyesha kiungo kinachovuja. Nilikaza kiungo. Nilijivuna kidogo. Kisha nilisimama mbele ya pipa lenye kufuli.

Nyuma yangu, pembeni, palikuwa na makopo ya mafuta ya kupikia yaliyobonyea safarini, yametengwa yakisubiri kuandikwa. Ninyi mnajua sheria, na ilikuwa hiyohiyo wakati ule: anayegusa chakula cha wakimbizi, hata kijiko, anaondoka siku hiyohiyo. Nilikuwa nimewaona watatu wakiondoka. Lakini nilikuwa pia na shahada. Nikajiambia kwamba mafuta ni mafuta, kwamba kinachosukuma silinda si jina la kitu bali umajimaji wake. Nilijenga hoja nzuri sana. Wakati naijenga mikono yangu ilikuwa tayari inatoboa kopo la kwanza.

Twiga alipanda kama kijana. Tulishusha malori yote matatu kabla ya saa kumi. Watu wa Kabazana walikula. Nilipanga kumwambia Mzee Tumwine mara tu atakaporudi, na nilimaanisha.

Aliporudi alikuwa amekonda, amenyoa kichwa kwa msiba. Sikuona vizuri kuanza na habari za makopo. Kesho yake pia sikuona vizuri. Siku zikapita, Twiga akapanda na kushuka, na mimi nikaanza kudhani nimegundua kitu. Jambo pekee lililonisumbua ni kwamba mashine ikipata moto sana mchana ilitoa harufu.

"Mama Neema," alisema Papa Byamungu akinusa hewani, "nani iko anakaanga mikate humu ndani?"

"Hakuna anayekaanga."

Alimtazama Twiga, akanitazama mimi, akatazama mahali makopo yalipokuwa yamekaa. Akashusha sauti yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Miye sikuone kintu," alisema. "Sisi tuko bakimbizi. Bakitufukuza hapa, tutaenda fasi gani?"

Kisha Juni ikafika, na baridi yake.

Mnajua asubuhi za Juni hapa. Mnajua pia, kwa sababu mmesimama kwenye foleni ya mgao au mmeihudumia, kwamba mafuta yale huganda. Akina mama wa kupima huweka makopo juani kwanza, la sivyo kijiko kinasimama wima ndani. Mimi mwenyewe niliyaweka juani nyumbani kwangu kila asubuhi ya baridi kwa miaka tisa. Hata hivyo, shingo ilipokataa kupanda asubuhi ya kwanza ya baridi, sikuunganisha mambo hayo mawili. Niliunganisha asubuhi ya tatu. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimeshanyamaza siku mbili.

Mzee Tumwine alishangaa kama mtoto. "Profesa, kuja hapa," aliniita. "Mashine yote ya dunia nachoka ikipata moto. Oili nakuwa nyepesi, pampu ya zamani nashindwa. Hii yako nachoka na baridi. Jua likitoka, napona. Wewe umeona hii wapi?"

"Sijaona, Mzee."

Hilo halikuwa uongo. Ndio maana silihesabu kati ya zile mara tatu.

Kila siku alisubiri jua litoke apate kufanya kazi vizuri, na kila siku jua lilikuwa limeshayeyusha ushahidi. Alifungua vali: safi. Alikaza mabomba yote. Alitoa oili yote, akaichuja kwa vitambaa vyake vitatu, na yale mafuta yangu, yakiwa yamepata joto na kuchanganyika, yakapita vitambaani kama wageni wenye barua, yakarudi tangini. Mwishowe alifanya kitu alichonikataza miaka saba. Alikimbilia pampu. Aliandika barua Mbarara, pampu mpya ikaja, akaifunga kwa siku mbili. Asubuhi iliyofuata shingo ilikataa mbele ya bwana mkubwa wa ofisi ya Mbarara mwenyewe, aliyekuwa amekuja kutazama.

Mafundi wawili waliitwa kutoka Kampala. Walikuwa na viatu safi. Waliniuliza kama kuna mtu aliyeongeza kitu chochote kwenye tangi zaidi ya oili ya pipa. Nilisema hapana. Wakamwaga oili yote, bila hata kuitazama, wakaweka mpya na chujio jipya. Kesho yake, kwenye baridi kali, Twiga alipanda. Waliandika kwamba fundi alikuwa na tabia ya kurudisha oili chafu na kwamba alibadilisha pampu bila sababu. Ofisi ya Mbarara ikanitaka nieleze kwa maandishi ninachojua. Hapo ndipo nilipoandika zile aya nne.

Mwanangu Neema alikuwa kidato cha tatu Mbarara, kwa mshahara wangu. Nasema hivyo ili mjue nilichokuwa nafikiria, si ili mniachilie.

Mkataba wa Mzee Tumwine ulipokwisha haukuongezwa. Siku ya kuondoka alipanga spana zake moja moja kwenye sanduku, kila moja imepanguswa, na mimi nilisimama nikimshikia kifuniko. Wapagazi walikuwa mbali.

"Profesa," alisema bila kuinua kichwa. "Kuna kitu ulitia ndani?"

"Hapana, Mzee."

Alifunga sanduku. "Kale, sawa. Mashine hapana danganya mtu. Basi mimi ndio sikusikia vizuri."

Hasira ningeiweza. Lakini alinyanyua sanduku akaniachia daftari la matengenezo, na kazi yake ikawa yangu.

Alifungua kibanda cha ufundi Ruharo, mjini Mbarara, akitengeneza mota za mashine za kusaga na jeki za magari. Nami, kwa kuwa sikujua hata nusu ya nilichodai kujua, nilikuwa nikimpigia simu, maana sasa alikuwa nayo. Mnakumbuka mlivyokuwa mkinicheka nikishikilia simu karibu na pampu kama ninayempa mtoto asalimie bibi yake. Upande wa pili alikuwa Mzee Tumwine, anasikiliza. "Hiyo ni vali, nalia psss. Fungua, safisha, hapana piga nyundo." Au, "Hiyo ni cheni kavu. Paka mafuta, Profesa, hata cheni nataka kula." Sifa zote mlizonipa kwa kutambua ugonjwa kwa sikio ni zake. Sikio lilikuwa Ruharo.

Na kila simu, kwa miaka saba, ilimalizika kwa swali lilelile.

"Na asubuhi? Napanda?"

"Inapanda, Mzee."

"Kale." Kisha akakata.

Nilimtembelea mara moja. Nilikwenda nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimezipanga sentensi ndani ya gari tangu Isingiro. Mkewe alinipa bushera, kinywaji cha mtama, kwenye kikombe kikubwa. Juu ya benchi la kazi, mahali wengine hutundika picha ya harusi, palikuwa na pampu ya zamani ya Twiga, ile aliyoitoa. Alikuwa ameipasua katikati kwa msumeno. Meno yake yaling'aa.

"Nzima," aliniambia. "Guza. Nzima kabisa. Mimi Tumwine nilitoa pampu nzima." Akanionyesha daftari alilochora mabomba ya Twiga kurasa kwa kurasa, kila ukurasa na dhana yake, kila dhana imekatwa kwa mstari. Kulikuwa na maji kwenye tangi. Kulikuwa na bomba linalojikunja ndani. Kulikuwa hata na panya. Hakukuwa na Profesa. Nilimaliza bushera yangu, nikasifu bushera, nikarudi Nakivale na sentensi zangu zote.

Mgongo wangu ulistaafu mwaka mmoja kabla yangu. Mwaka huu wa 2015 nikaufuata. Twiga naye amestaafishwa, mmeshamwona pale nyuma ya ghala, shingo chini, na karatasi ya mnada imebandikwa kiooni. Siku yangu ya mwisho mlininunulia soda na keki, Papa Byamungu akatoa hotuba ambayo ilisikika mpaka Kabazana, na Deborah akanikabidhi kalamu yenye uzi. Nilikuwa nimesimama karibu na Twiga, nikiipapasa shingo yake kama mjinga, simu ilipolia.

"Profesa! Nasikia leo unatoka."

"Ndiyo, Mzee. Nimezeeka."

"Hapana zeeka, mimi niko hapa. Sikiliza. Nasikia Twiga iko mnadani."

"Wataiuza Jumatatu. Kama chuma chakavu."

"Nakuja Jumatatu na lori," alisema. "Nimeongea na mtu wa Masha, yeye nanunua ng'ombe zangu mbili. Mama nalia, lakini nimesema hapana. Nitaleta hiyo mashine hapa, nafungua bomba moja moja mpaka naona. Siwezi kufa bila kujua kwa nini ilikuwa nakataa asubuhi."

Ng'ombe wawili. Mtu wa Masha. Kwa rundo la chuma ambalo halikuwa na siri yoyote ndani yake, kwa sababu siri ilikuwa imesimama pembeni na soda mkononi. Nilitafuta sentensi zangu za Isingiro, sikuona hata moja.

"Mzee, usiuze ng'ombe," nilisema. "Yalikuwa mafuta ya kupikia."

"Nini?"

"Makopo mawili. Ulipokwenda kuzika. Pipa lilikuwa na kufuli. Nilitia mimi."

Nilisikia mota ya mashine ya kusaga ikizunguka kibandani kwake, kisha nikasikia akiizima.

"Hii mafuta ya kopo?" aliuliza polepole. "Hii naganda?"

"Hiyohiyo."

"Lita nane."

"Lita nane, Mzee."

"Na mimi nachuja, narudisha." Alikuwa anaongea peke yake sasa, naweza kuapa alikuwa amefumba macho na kuyatazama mabomba. "Asubuhi naganda kwa chujio la chini, pampu hapana pata kitu. Jua natoka, nayeyuka. Mimi nafungua, naona safi." Kisha akapiga ukelele ambao ulinifanya niondoe simu sikioni. "Banange! Mama! Mama, kuja! Haikuwa pampu! Nakuambia haikuwa pampu!"

Nikasikia sauti ya mkewe, na kitu cha chuma kikianguka, na Mzee Tumwine akicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu siku ile aliponiuliza falsafa ni mashine gani. Mimi nilikuwa nalia. Deborah aliniona, alidhani ni kwa ajili ya keki.

Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Miaka saba, Profesa."

"Miaka saba, Mzee. Nisamehe."

"Kesho nitakasirika," alisema. "Nitakasirika sana, mpaka utasikia huko. Leo wacha mimi nifurahi kwanza." Akavuta pumzi. "Wewe si najua kuandika? Basi andika. Andikia hao vijana wako, na jina lako weka hapo juu, hapana weka chini. Andika Tumwine hakukosea pampu. Andika Tumwine alikosa harufu tu."

Nilisema nitaandika. Alimwambia mkewe kitu kwa Kinyankore, nikasikia neno la ng'ombe na mwanamke akishukuru Mungu. Kisha simu ikakatika. Nilibaki nimeishikilia sikioni, nikingoja, mpaka nilipotambua kwamba kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za asubuhi.